Nimwambie mvuvi aopoe dema mara ya pili?

Maswali ya wasomaji. Mwezi huu: filamu za dokumentari. Majibu ni ya mhariri wetu wa filamu, aliyejifunza kazi enzi za filamu ya milimita 16, mkasi na utepe wa gundi.

Barua za mwezi huu nyingi zimeelekea upande mmoja. Vijana wana kamera, wengine wana simu tu, wameingia mitaani na ufukweni kurekodi maisha ya watu wao, na sasa wanauliza. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa jambo ambalo kazi yetu yote imeegemea hapo.

*

*Shikamoo Mama. Natengeneza dokumentari yangu ya kwanza, inamhusu baba yangu mdogo, mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa, hapa Pangani. Anatoka na ngalawa jua halijachomoza, na picha zangu za alfajiri zote zimetoka nyeusi tii. Jua lilipopanda nikamwomba alitose dema moja tena aliopoe upya mbele ya kamera. Akakubali. Kwa kuwa dema lilikuwa tupu, tukatia samaki wa asubuhi ile. Rafiki yangu aliyesomea uandishi wa habari anasema hiyo si dokumentari tena, ni maigizo. Amenikosesha usingizi. Je, ana haki?*

*Msomaji wa kike, Pangani*

Marahaba mwanangu. Rafiki yako amepatia kwenye jambo moja na amekosea kwenye jingine. Ngoja niyatenganishe.

Kumwomba mtu arudie kazi yake ni desturi yenye umri sawa na dokumentari yenyewe. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa filamu ya Nanook of the North, juu ya familia ya Wainuiti kaskazini mwa Kanada, kando ya Ghuba ya Hudson. Humo tunaiona familia ikilala na kuamka ndani ya nyumba ya theluji. Kamera ya wakati ule ilikuwa kubwa na ilitaka mwanga mwingi; ndani ya nyumba ya kweli ya theluji pasingeonekana kitu. Basi ikajengwa nyumba kubwa kupita kawaida, upande mmoja ukaachwa wazi, na familia ikavua mavazi na kujifunika ngozi hapo huku baridi ikiwapiga.

Hilo mimi silihesabu kuwa uongo. Watu wale walijua kujenga nyumba za theluji, na mikono tunayoiona ikikata matofali ya theluji ni mikono inayoijua kazi. Flaherty alitatua shida ya mwanga, kama wewe.

Kuna mengine aliyoyafanya ambayo siyakubali. Wainuiti wa eneo lile walikuwa wamekwisha kuzoea bunduki. Flaherty aliwataka wamwinde walrasi, yule mnyama mkubwa wa bahari mwenye pembe mbili, kwa chusa kama walivyofanya babu zao. Kuna sehemu mwindaji anaonyeshwa gramafoni, anashangaa, anaing'ata sahani ya santuri kama vile hajapata kuiona maishani. Anaitwa Nanook, lakini jina lake halisi lilikuwa Allakariallak, na mwanamke anayeonyeshwa kuwa mkewe hakuwa mkewe. Na fedha za kutengeneza filamu zilitoka kwa Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa iliyonunua ngozi kutoka kwa wawindaji hao hao. Kwa hiyo watu waliokuwa ndani ya biashara ya dunia ya karne ya 20 walionyeshwa kana kwamba dunia hiyo haijawafikia. Mtazamaji alidanganywa juu ya zama wanazoishi wenzake, na uongo huo umekaa vichwani mwa watu kwa miaka 100.

Sasa lipime dema lako. Baba yako mdogo kuliopoa tena jua likiwa limepanda, sina neno nalo. Kamba ni yake, maji ni yake, mgongo unaoinama ni wake. Wala usiombe radhi.

Tuje kwa wale samaki. Hukuniandikia kama walitoka kwenye dema hilo moja au yalikuwa mavuno ya madema yote ya asubuhi ile, na jibu langu linaning'inia hapo. Ikiwa filamu yako inahusu ufundi wa kusuka dema na kulitega, samaki walewale waliotoka ndani yake wakirudishwa humo, nitavumilia. Lakini sijaona filamu ya mvuvi wa pwani yetu ambayo haifiki mahali mvuvi akasema samaki wamepungua. Yako nayo ikifika hapo, idadi ya samaki ndani ya dema inakuwa ushahidi. Ukikusanya wa madema matano ukawatia katika moja, umeugusa ushahidi, na hapo rafiki yako yuko sahihi kabisa.

Fanya hivi. Tumia picha ya kulivuta: mikono, kamba inayochuruzika maji, mguu unaokaza kwenye ubao wa ngalawa. Kata pale dema linapovunja uso wa maji, kabla mtazamaji hajaona kilichomo. Halafu nenda siku nyingine dikoni, vyombo vinaposhusha samaki, uwapige picha samaki wa kweli wakimwagwa na kupigiwa mnada, kwa wingi wao au uchache wao. Na zile picha nyeusi za alfajiri usizifute. Sikiliza sauti yake: kasia, kikohozi, mawimbi yakigonga mbavu za chombo. Weka giza hilo mwanzoni na sauti hizo juu yake, mtazamaji ataingia majini pamoja nawe.

Rafiki yako akikuambia maigizo hayaruhusiwi kabisa, mwambie habari ya filamu ya The Thin Blue Line ya Errol Morris, ya mwaka 1988. Mwanamume aitwaye Randall Dale Adams alikuwa gerezani Texas kwa kuuawa kwa polisi mmoja wa Dallas mwaka 1976. Alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikawa kifungo cha maisha. Morris aliwahoji mashahidi, halafu akaigiza tukio lile la usiku tena na tena, kila mara kwa kufuata maneno ya shahidi mwingine. Gari linasimama, polisi anasogea, kikombe cha kinywaji kinarushwa na kuzunguka hewani taratibu. Kila igizo halipatani na jingine. Mtazamaji haambiwi hivi ndivyo ilivyokuwa. Anaonyeshwa hivi ndivyo fulani alivyodai, na kwa kuyalinganisha anaona mahali ushahidi unapovuja. Adams aliachiwa mwaka 1989. Maigizo yale yalijitangaza kuwa ni maigizo, ndiyo maana hayakumdanganya mtu.

Ukimaliza kipande cha dema, mwite baba yako mdogo na wavuvi wenzake wawili watatu, uwaonyeshe hata kwenye simu. Flaherty, pamoja na yote niliyomlaumu, alisafisha filamu yake kulekule kwenye baridi na kuwaonyesha Wainuiti picha zao. Wavuvi wakisema “ndivyo tunavyofanya”, endelea. Wakitazamana, waulize kwa nini, na uandike wanachokuambia.

*

*Habari yako Bi Mhariri. Mhadhiri wetu anatufunza kwamba dokumentari ya kweli haina sauti ya msimulizi, na kwamba msimulizi ni uvivu wa mtengenezaji. Lakini makala zote nilizokua nikizitazama kwenye televisheni zina msimulizi. Tushike lipi?*

*Mwanafunzi, Nairobi*

Njema kabisa, mwanangu. Mhadhiri wako anatoka katika skuli iliyoanza kuvuma mwaka 1960, kamera zilipokuwa nyepesi kiasi cha kubebwa begani na sauti kuweza kunaswa papo hapo pamoja na picha. Robert Drew na wenzake waliwafuata John Kennedy na Hubert Humphrey wakiomba kura za awali za kuteuliwa kugombea urais wa Marekani katika jimbo la Wisconsin, wakatoa filamu iitwayo Primary. Kuna picha moja ndefu kamera inamfuata Kennedy kwa nyuma, inapenya umati, inapita mlango, hadi jukwaani, na mtazamaji anabanwa mabega pamoja naye. Msimulizi akizungumza hapo ataharibu. Hata hivyo filamu hiyo hiyo ina maneno machache ya msimulizi pale yalipohitajika, kwa hiyo hata waanzilishi hawakuifanya kuwa dini.

Na uniamini kwenye hili kwa kuwa nimekaa kwenye chumba cha kuhariri maisha yangu yote ya kazi: filamu isiyo na msimulizi nayo inasema. Ninapochagua uso huu na kuacha ule, ninapomkata waziri katikati ya sentensi na kumpeleka mtazamaji kwenye foleni ya zahanati, nimeshasema. Tofauti ni kwamba sikusikika.

Sasa nikueleze kwa nini mimi binafsi namwogopa msimulizi wa namna moja. Kwetu Korogwe, milimani, kuna mahali panaitwa Vugiri. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka hapo kituo cha majaribio ya sinema kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35: za minyoo ya safura, za kulipa kodi, za kuweka akiba benki ya posta. Wakazi waliigiza mbele ya kamera. Lakini sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri, ikapigwa pembeni wakati picha inaonyeshwa, na lori likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasa. Baadaye, mwaka 1939, kikaundwa London Kitengo cha Filamu za Makoloni, na mkuu wake William Sellers alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka: apewe picha ndefu, taratibu, bila hila za kamera, na aelezwe kila kitu.

Angalia mpangilio huo. Aliye kwenye picha ana mwili, hana neno. Mwenye neno hana mwili, haonekani, hakosolewi, anajua yote. Zimepita zaidi ya miaka 80 na bado naletewa kazi za miradi zinazoanza, “Kabla ya mradi huu, wanakijiji waliishi katika mateso makubwa.” Ni sauti ile ile ya santuri. Mwanakijiji anapita nyuma na ndoo yake, hakuna aliyemuuliza kama aliteseka au alikuwa na mipango mingine.

Kwa hiyo swali langu kwako haliishii kwenye kuwepo au kutokuwepo kwa msimulizi. Ni nani huyo, na amejuaje? Jean Rouch, Mfaransa, alitoa filamu ya Moi, un noir mwaka 1958, juu ya vijana kutoka Niger waliokwenda kutafuta vibarua Treichville, mjini Abidjan. Picha zilichukuliwa bila sauti. Kisha akamketisha mmoja wao, Oumarou Ganda, atazame maisha yake mwenyewe kwenye picha na kuyasemea. Ganda anatania, anajisifu, anakumbuka vita alivyopigana Indochina akiwa askari wa Ufaransa. Baadaye alikuwa mwongozaji wa filamu kwa haki yake. Hata hivyo mwaka 1965 mwongozaji Ousmane Sembène wa Senegali alimwambia Rouch ana kwa ana kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Mimi nawasikia wote wawili. Kumpa mtu sauti ni hatua kubwa. Lakini bado aliyeshika kamera, aliyekata na aliyeweka jina lake mwishoni ni Rouch.

Ukiamua kuandika maneno ya msimulizi, usiyaache yarudie picha. Mama anatembea na ndoo kichwani na msimulizi anasema, “Mama huyu anabeba maji.” Tumeona! Sema ambalo kamera haiwezi kulionyesha: “Bomba analolipita lilikauka Januari.” Sasa mtazamaji anaitazama ile hatua upya, anageuza jicho kulitafuta bomba. Kisha nyamaza, umpe nafasi alione.

*

*Dada, habari za kazi. Mimi ni mtu mzima, nimefanya kazi kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza tangu ujana. Vijana wangu wameitoa mtandaoni ile filamu ya mapanki wakaniuliza kama ni kweli. Nilikasirika ilipotoka na bado nina hasira. Yule mzungu alidanganya au hakudanganya?*

*Mzazi, Mwanza*

Salama kaka, na pole. Nakujibu kwa heshima maana wewe ulikuwepo.

Kwa wasomaji wengine: filamu anayoisema ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, Mwaustria, iliyotoka mwaka 2004 na baadaye ikaingia kwenye orodha ya mwisho ya kuwania tuzo ya Oscar. Inaanza na sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria wakati wa ukoloni, minofu yake ikipakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya huku mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, yakianikwa na kukaangwa kwa ajili ya watu wa hapa. Njiani inauliza tena na tena ndege zile huja zimebeba nini, na inamwelekeza mtazamaji kwenye silaha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza watu waliandamana.

Kaka, ukiitazama tena, angalia jambo moja: haina msimulizi. Hakuna sauti inayosema “Watanzania wote wanakula mapanki.” Kuna ndege inapaa. Mkato. Kuna mtoto analala barabarani. Mkato. Kuna mapanki juani. Kila picha peke yake ilichukuliwa Mwanza, na mtu wa Mwanza hawezi kukana kwamba ilikuwepo. Lakini picha mbili zikiwekwa jirani, mtazamaji anazifunga kwa neno “kwa sababu” bila kuambiwa. Anayekaa Paris, asiyejua kwamba Mwanza kuna shule, masoko yaliyojaa ndizi na maharage, watu wa kipato kama chako waliosomesha watoto kwa mshahara wa kiwanda, hana kitu cha kuzuia hilo “kwa sababu” lisimee. Hapo ndipo ninapomlaumu Sauper. Alijua mtazamaji wake atajaza nafasi ile kwa kitu gani, akamwachia.

Sitasema filamu nzima ni uongo, maana nitakuwa nakuridhisha tu. Mazungumzo yake na mlinzi wa usiku ni kazi ya mtu mwenye subira: anamwacha mzee aongee kwa mwendo wake, gizani, bila kumharakisha, na tunamjua mtu yule. Marubani wa ndege zile nao hakuwageuza kuwa mazimwi; wanaona haya, wanakunywa, wanakumbuka kwao.

Linaloniuma zaidi kuliko mkato wowote ni kwamba filamu ilipata tuzo Ulaya, na mwandishi mmoja wa habari wa hapa nchini aliyeonekana humo ndiye aliyepata misukosuko na vyombo vya dola. Mwenye kamera alikuwa na tiketi ya kurudi. Hilo nawaambia vijana wote wanaoniletea kazi: orodhesha waliomo kwenye filamu yako, na mbele ya kila jina andika ataamkia wapi siku ya pili baada ya kuonyeshwa.

Vijana wako waambie yote mawili, kaka. Halafu wape simu wakurekodi wewe ukieleza kiwanda kilivyokuwa: zamu, baridi ya chumba cha minofu, mshahara, nani alipandishwa cheo na nani alifukuzwa. Hiyo ndiyo picha iliyokosekana pale, na mwenye nayo ni wewe.

*

*Mama, nina saa 40 za picha za mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi. Nimezitazama mpaka zimenichanganya. Hadithi iko wapi?*

*Kijana, Kigoma*

Saa 40 si nyingi, mwanangu. Waliotengeneza Hoop Dreams, filamu ya mwaka 1994 juu ya vijana wawili wa Chicago wanaotafuta maisha kwa mpira wa kikapu, walikuwa na takriban saa 250, wakazishusha hadi chini ya saa tatu.

Funga kompyuta kwanza. Chukua karatasi uandike, bila kutazama picha, kila tukio unalolikumbuka. Usilolikumbuka baada ya kulitazama mara nyingi huenda halina nguvu. Kisha mbele ya kila tukio andika nini kilikuwa tofauti lilipokwisha: aliingia na dagaa akatoka na deni, alikuwa anacheka, mvua ikaanza. Tukio ambalo mwisho wake uko sawa na mwanzo wake ni picha nzuri tu. Litunze la kupumzishia, lakini halibebi hadithi.

Halafu niambie mama huyu anataka nini. Namaanisha yeye, usinipe mada yako. Akina mama wa dagaa huwa hawataki “uwezeshwaji”. Mmoja anataka turubai kabla masika hayajaanza, mwingine anataka binti yake asiolewe mapema. Ukilipata hilo, mpangilio utaanza kujitokeza, kwa sababu utajua ni lini analikaribia na ni lini linamkimbia. Usilazimishwe na tarehe ulizorekodi, ila usihamishe jambo ambalo likihamishwa litabadilisha sababu ya jambo jingine. Akilia Machi kwa msiba, usikipeleke kilio hicho Juni akaonekana analilia dagaa walioloa.

Na unapokata mahojiano, usimkate mtu mara tu anapofunga mdomo. Mwache sekunde tatu nne. Hapo ndipo anapotazama pembeni, anapofuta jasho, anapoongeza lile neno aliloliogopa. Kama kameramani wako huzima kamera jibu linapokwisha, mwambie leo hii aache.

*

*Bibi yangu, ambaye ni mhusika mkuu, hajui kusoma. Fomu ya ridhaa niliyopewa na wafadhili iko kwa Kiingereza, kurasa tatu. Atie kidole tu?*

*Msomaji, Kilifi*

Hapana. Mketishe, umweleze kwa Kigiriama au kwa Kiswahili, lugha anayoitumia kutaniana na wajukuu. Mwambie itaonyeshwa wapi, kwamba jirani ataiona, kwamba ikishaingia mtandaoni hutaweza kuirudisha. Rekodi maelezo yako na majibu yake kwa kamera. Filamu ikikamilika, kabla hujaikabidhi kwa mtu yeyote, itazame naye, na umuulize tena. Ridhaa ya kwanza aliitoa hajui filamu itakuwaje. Akisema sehemu fulani itolewe, jadilianeni. Ikibaki kuwa inamwaibisha, itoe. Kuhusu malipo, wengi huogopa kwamba pesa itanunua maneno. Usinunue maneno. Lakini siku aliyoacha shamba kwa ajili yako ina thamani, na kuilipa ni haki yake. Wafadhili waeleze hivyo waziwazi kwenye bajeti.

*

*Nina laki saba. Ninunue droni au maiki?*

*Mtengenezaji filamu, Dodoma*

Maiki. Mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe, lakini sauti isiyosikika huizima filamu dakika ya pili. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo pamoja na hedifoni nzuri, na hizo hedifoni uzivae wakati wa kurekodi, usizining'inize shingoni. Ukiingia kwenye nyumba ya watu, simama kwanza usikilize: feni, redio ya jirani, bati linalogonga, kuku. Ukimaliza mahojiano, waombe wote wanyamaze nusu dakika urekodi ukimya wa chumba hicho, utauhitaji wakati wa kuunganisha vipande. Na friji hunguruma hata usipoligundua, kwa hiyo omba ruhusa ulizime, halafu weka funguo zako za gari au pikipiki ndani yake. Hutaweza kuondoka nyama ya mwenyeji ikiwa inaharibika.